Kitufe cha Rimoti Kikishikiliwa: Arduino Ijue Umeachia Lini

Watazamaji wangu, karibuni mezani. Leo nataka nikishikilia kitufe cha sauti, taa izidi kung'aa taratibu; nikiachia, ikome hapo hapo.

Nyaya tuzimalize haraka. Arduino Uno, ile bodi ndogo tunayoiandikia programu; kipokezi cha VS1838B kinachopokea mwanga wa rimoti, kitumbo kikutazame: mguu wa kushoto pini ya 2, wa kati GND, wa kulia volti 5. LED na rezista yake, pini ya 9. Usiihamishie 3 wala 11! Maktaba ya IRremote, inayosoma ishara za rimoti, kwenye Uno hutumia Timer 2, na analogWrite, amri ya kupunguza au kuongeza mng'ao, kwenye pini hizo mbili inaitegemea taima hiyo hiyo.

Pakia mfano wa SimpleReceiver uliomo kwenye IRremote, toleo la 4. Haya, tazama skrini. Nabonyeza, nashikilia... umeona? Mstari wa kwanza umeleta amri, inayofuata ina neno Repeat. Hizi rimoti ndogo nyeusi za bei nafuu nyingi hutumia NEC, mojawapo ya lugha za ishara za rimoti. Amri yake ya biti 32 hutoka mara moja tu. Ukiendelea kushikilia, kila milisekunde 110 hivi hutoka ishara fupi ya kusema "bado": mpigo wa milisekunde 9, kimya cha 2.25, kampigo kadogo, basi.

Sasa sikiliza vizuri. Ukiachia kitufe, rimoti haitumi chochote. Hakuna ishara ya kuachia! Kimya ndicho jibu, na kimya lazima ukipime mwenyewe. Kila ishara ikifika, andika millis(), yaani milisekunde zilizopita tangu Arduino iwake, kwenye kigeugeu, mimi nakiita mwisho. Kisha kwenye loop, sehemu ya programu inayojirudia: millis() kutoa mwisho ikizidi 250, kitufe kimeachiwa.

Kwa nini 250? Subiri, naweka 100 kusudi mwone. Napakia... nashikilia... sogeza kamera hapa kwenye skrini. Kidole hakijatoka, lakini programu inaandika "ameachia", "ameachia", "ameachia". Milisekunde 100 zinaisha kabla "bado" nyingine haijafika. Kwa hiyo usishuke chini ya 110. Narudia, usishuke chini ya 110! Napenda 250 kwa sababu hata ishara moja ikipotea njiani, ya pili inawahi.

Kitufe cha kuwasha na kuzima ni kinyume: Repeat ipuuzwe. Angalia decodedIRData.flags, ikiwa na IRDATA_FLAGS_IS_REPEAT, usiguse taa. Ila tafadhali, usiandike return, amri ya kutoka, kabla ya IrReceiver.resume(), amri ya kukiruhusu kipokezi kipokee ishara inayofuata. Ukiiruka resume, kipokezi kinabaki kimenyamaza na utahangaika kubadilisha nyaya ambazo hazina kosa. Resume kwanza, return baadaye. Na delay() ndefu, amri ya kuisimamisha programu, usiiweke humu kabisa.

Mwenye rimoti ya Sony, yako hurudia amri nzima kila milisekunde 45. Kipimo cha 250 kinaifaa vilevile.