Protini Iliyokosa Mshiko: Mhadhara Kuhusu Ugonjwa wa SMA

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Kabla sijatamka neno lolote la kitaalamu, naomba kila mmoja wetu apitanishe vidole vya mkono wa kulia na vya kushoto, avikaze, kisha avute. Haviachani. Sasa nyoosha vidole vitatu vya kila mkono, ubakize vinavyosalia, uvute tena. Mikono inateleza. Mifupa ipo, nyama ipo, ngozi ipo. Kilichopungua ni mshiko. Mtelezo huo ndio nitakaouzungumzia leo.

Ugonjwa unaitwa atrofi ya misuli ya uti wa mgongo, au kwa kifupi SMA. Ni wa kurithi, na humpata takriban mtoto 1 katika kila 10,000 wanaozaliwa. Nyuroni za mwendo, yaani zile seli za neva zinazokaa ndani ya uti wa mgongo na kuiamrisha misuli, hufa kidogo kidogo, na msuli usiopata amri hunyauka. Katika aina ya kwanza, iliyo kali, dalili huonekana kabla ya miezi 6: shingo haikazi, miguu imelegea, kilio ni hafifu. Akili ya mtoto ni timamu. Ukipita chumbani, macho yake yanakufuata.

Guido Werdnig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1891, na Johann Hoffmann akafuatia mwaka 1893. Ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo chanzo chake kikajulikana. Mwaka 1995, kundi la Judith Melki jijini Paris lilitambua jeni iliyo kwenye kromosomu ya 5, ikaitwa SMN1. Mtoto huugua anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine mbovu kutoka kwa mama, na kwa kawaida wazazi wote wawili ni wazima kabisa. Kama kuna mzazi hapa anayejilaumu, namwambia wazi: hakuna chakula ulichokula wala kazi uliyofanya ukiwa mjamzito iliyomletea mwanao ugonjwa huu.

Sasa tuingie ndani ya seli. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoitwa SMN, ambayo ni mnyororo wa asidi amino 294, yaani vitalu vinavyojenga protini. Haifanyi kazi peke yake hata dakika moja. Hushikana na SMN wenzake, kisha na protini zinazoitwa Gemin, kuanzia Gemin2 hadi Gemin8, pamoja na nyingine iitwayo Unrip. Kundi hili lina kazi moja kubwa inayojulikana vizuri: kuvisha pete. Kuna protini saba ziitwazo Sm ambazo lazima zijipange kuizunguka RNA fulani fupi (RNA ni molekuli inayofanana na DNA), kama pete inavyozunguka kidole. Gemin2 hukusanya tano kati ya hizo saba na kuzishikilia, mbili za mwisho huja baadaye, na pete hufungwa. RNA iliyovishwa pete ndipo hujiunga na mtambo unaokata na kuunga ujumbe wa jeni karibu zote za mwili. Bila mtambo huo ujumbe hubaki na vipande visivyotakiwa ndani yake.

Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo kiini cha jambo kilipo. Wagonjwa wapatao 95 katika 100 wamekosa kipande muhimu cha SMN1 kwenye nakala zote mbili. Wachache waliobaki wana upungufu huo upande mmoja, na upande wa pili wana kosa dogo, mara nyingi asidi amino moja tu iliyobadilishwa. Hao wachache ndio waliotufundisha zaidi. Kuna badiliko liitwalo E134K, lililo katikati ya protini, kwenye mfuko unaopokea mikia ya protini za Sm. Protini inatengenezwa, ila Sm hazishikiki vizuri. Badiliko lingine, Y272C, liko karibu na mwisho, mahali SMN inapokamatana na SMN mwenzake. Hapo tatizo ni kujiunga na ndugu zake. Mahali tofauti, mshiko tofauti, lakini mtoto anaugua ugonjwa uleule.

Na je, SMN1 ikikosekana kabisa, mtoto anaishije hata azaliwe? Binadamu ana jeni ya akiba, SMN2, inayofanana mno na ya kwanza. Tofauti inayotuhusu ni herufi moja tu ya DNA katika eksoni ya 7, yaani kipande cha saba cha jeni kinachopaswa kubaki ujumbe ukishakatwa na kuungwa: palipokuwa na C pana T. Herufi hiyo haibadilishi asidi amino yoyote. Inachobadilisha ni nani atakaa pale ujumbe unapokatwa na kuungwa. Protini SRSF1, inayosema "kiache kipande hiki", hupoteza kiti chake, na hnRNP A1, inayosema "kiruke", hupata nafasi. Mara nyingi eksoni ya 7 hurukwa. Inatoka protini fupi ambayo asidi amino 16 za mwisho zimebadilishwa na 4 ngeni. Haishikani vizuri na wenzake, na kwa kuwa haijashikwa na yeyote, seli huivunja upesi. Ni kama mkono wenye vidole vilivyonyooshwa. Takriban asilimia 10 tu ya ujumbe wa SMN2 hutoka kamili, na ndiyo maana mwenye nakala nyingi za SMN2 kwa kawaida huugua kwa kiasi nafuu.

Dawa mbili kati ya zilizopatikana zimepita mlango huohuo wa SMN2. Nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, ni kipande cha kutengenezwa kinachofunika sehemu ya ujumbe wa SMN2 ambapo hnRNP A1 hupenda kukaa, hivyo eksoni ya 7 hubaki. Hudungwa kwenye majimaji yanayozunguka uti wa mgongo. Risdiplam, ya mwaka 2020, hunywewa, nayo hufanya kazi kama gundi: huimarisha mahali ujumbe wa SMN2 unapokutana na U1, mojawapo ya zile RNA zenye pete. Nikilifikiria hili bado nashangaa. Pete ambazo SMN huzivisha ndizo zinazosaidia SMN yenyewe itengenezwe. Njia ya tatu, ya mwaka 2019, hupeleka jeni mpya kwa kutumia kirusi kisichodhuru.

Lakini kila seli inahitaji SMN. Kwa nini nyuroni za mwendo ndizo zife? Jibu kamili halijapatikana. Fununu zipo. Nyuroni ya mwendo inaweza kuwa na mkia wa kufikia mita moja, na SMN huonekana pia ndani ya mkia huo, ikiwa na washirika wengine kama hnRNP R na HuD. Mwaka 2008, kundi la Brunhilde Wirth nchini Ujerumani lilichunguza familia ambamo ndugu wana kasoro ileile, wengine wagonjwa na wengine wazima. Wale wazima walikuwa na plastin 3 kwa wingi, protini inayofunga nyuzi za aktini zinazojenga mkia wa neva. Na mwaka 2012 ikaonekana kwamba FUS, protini ambayo mabadiliko yake huleta kwa watu wazima ALS ya kurithi, ugonjwa mwingine wa nyuroni za mwendo, hushikana na SMN. Magonjwa mawili tuliyoyafundisha katika sura tofauti yanakutana kwenye mshiko mmoja.

Jambo moja tunalo mkononi, nalo ni wakati. Katika utafiti uitwao NURTURE, watoto 25 wenye kasoro ya SMN1, ambao bado hawakuwa na dalili, walipewa nusinersen. Baada ya takriban miaka 3 ya kufuatiliwa wote walikuwa hai, wote waliketi bila kushikiliwa, na 22 walitembea wenyewe. Dozi ya kwanza kila mmoja aliipata kabla ya kupita wiki 6 tangu azaliwe.