Robo Sekunde

REHEMA: Usicheke kabla sijaanza.

HAMADI: Sijacheka, shemeji. Nimekohoa.

REHEMA: Kikohozi chako nakijua. Haya wasikilizaji, karibuni. Leo nimekuja na karatasi. Mambo saba ya kutazama kwenye lebo, kwa sisi tunaokula mimea tupu na mafuta ya kupikia tumeyaweka kando. Ila kwanza niwaambie kilichonipata Jumanne.

HAMADI: Zabibu.

REHEMA: Si uniache nisimulie mwenyewe? Jumatatu usiku nililoweka zabibu kavu kwenye glasi, maji ya moto. Jumanne asubuhi nainua glasi dirishani, juu ya maji naona viduara vinang'aa. Vidogo, kama vichwa vya pini. Nikitikisa vinakutana viwili viwili vinakuwa kimoja. Nikachovya kidole, nikasugua na gumba. Kinateleza!

HAMADI: Na aliyepigiwa simu ni nani? Saa kumi na mbili na robo. "Shemeji, zabibu zina mafuta." Mimi nimeshakaa kitandani natafuta suruali, nadhani kuna msiba.

REHEMA: Kwangu ulikuwa msiba. Miezi mitatu natia zabibu zile kwenye uji wa oti, kila siku ya Mungu. Anayenunua ni kaka yako. Nikamuuliza, hukusoma nyuma? Ananijibu, zabibu ni zabibu, kuna nini cha kusoma?

HAMADI: Na hakukosea sana.

REHEMA: Nikageuza pakiti. Kwenye jedwali la virutubisho: mafuta, gramu 0. Chini yake, kwa herufi za kusomwa na tochi ya simu: viambato, zabibu, mafuta ya alizeti.

HAMADI: Wanazipaka ili zisigandamane. Zabibu ina sukari nyingi, zikikaa pamoja zinakuwa tofali. Zikipakwa zinateleza, hata mashine ya kujazia haikwami. Kuna pakiti zinazosema wazi: zabibu asilimia 99.5, iliyobaki mafuta.

REHEMA: Sawa, lakini sifuri imetoka wapi? Hilo ndilo lililonikera. Kitu kimoja, pakiti moja, huku sifuri, huku alizeti.

HAMADI: Imetoka kwenye kukadiria. Chukua Marekani: chakula kikiwa na mafuta chini ya nusu gramu kwa kipimo kimoja cha kula, sheria inawataka waandike 0. Na kipimo kinaweza kuwa kidogo hadi uone aibu. Mfano mkubwa ni yale mafuta ya kupuliza kwenye kikaango. Kipimo chake ni robo gramu. Robo gramu ya mafuta ni chini ya nusu gramu, basi kopo la mafuta linaandikwa mafuta 0.

REHEMA: Kopo la mafuta.

HAMADI: La mafuta. Kopo la gramu 170 lina vipimo 680. Kila kimoja sifuri. Sasa wewe jumlisha sifuri 680 uone kama hupati kopo zima. Na unajua kipimo kimoja ni kupuliza kwa muda gani? Makopo mengine yameandika robo sekunde.

REHEMA: Robo sekunde ni nini? Mtu anabonyezaje robo sekunde?

HAMADI: Psss.

REHEMA: Hiyo ni sekunde nzima.

HAMADI: Ps.

REHEMA: Hiyo ni chafya ya paka.

HAMADI: Ngoja, simu yangu ina saa ya kupimia. Nabonyeza kuanza, nabonyeza kusimamisha. Tayari? ... 0.41.

REHEMA: Umeshakula mafuta.

HAMADI: Tena. 0.38. Tena. 0.36! Naelekea.

REHEMA: Lete huku. ... 0.52. Kitufe hiki kizito.

HAMADI: Kitufe hakina kosa, shemeji. Wewe kwa kikaango unamaliza kopo.

REHEMA: Hebu nikuulize kwa dhati. Umewahi kumwona mtu akipuliza mara moja tu? Anazungusha kikaango kizima. Hiyo ni sekunde tano kwa uchache. Vipimo ishirini! Gramu tano za mafuta, na mtu anakula akijua amekula sifuri.

HAMADI: 0.33!

REHEMA: Hamadi, weka simu chini.

HAMADI: Nimeweka. Lakini mkono umeshapata moto.

REHEMA: Ndiyo maana jambo la kwanza kwenye karatasi yangu ni hili: namba za mafuta usizisome peke yake. Soma viambato. Namba inakadiriwa, jina halikadiriwi. Na vinapangwa kwa uzito, kizito kinatangulia, kwa hiyo kwenye orodha ndefu, mafuta yakitajwa ya tatu, ujue huenda si ya kupaka juu tu. Tazama maziwa ya oti ya boksi: maji, oti, mafuta ya kanola. Hasa yale ya kutoa povu kwenye kahawa. Povu lile zito halikuja bure.

HAMADI: Hapo kwenye maziwa niko na wewe. Kwenye zabibu siko.

REHEMA: Nilijua tutafika.

HAMADI: Piga hesabu. Unakula gramu 30 za zabibu. Asilimia nusu ni gramu 0.15. Kijiko cha mezani cha mafuta ni gramu 14 hivi. Kukijaza unahitaji siku 93. Kwa hiyo miezi yako mitatu yote umekula kijiko kimoja. Kwa kijiko kimoja ndiyo umeniamsha!

REHEMA: Haba na haba hujaza kibaba.

HAMADI: Kibaba? Nimekwambia kijiko! Na wewe huyo huyo unakula kiganja cha karanga. Gramu 30 za karanga, karibu nusu yake mafuta, gramu 15. Mara mia ya zabibu.

REHEMA: Mafuta ya karanga yamo ndani ya karanga. Yana nyuzinyuzi zake, protini yake, natafuna mpaka taya linachoka. Mimi sikukataa karanga, nimekataa kilichokamuliwa kikaachwa peke yake. Na sikuchagua kukila. Nimelishwa.

HAMADI: Kulishwa ni malalamiko mengine, hapo una haki. Lakini kusema zabibu hizo zimekuharibia mlo, hapana. Mwili hauulizi nani alikaribishwa na nani amezamia.

REHEMA: Mimi nauliza. Nikisema "kidogo hakidhuru" kwa zabibu, mkate nao ni kidogo, maziwa kidogo, mchemraba wa supu una mawese kidogo. Vidogo sita kwa siku moja. Unavijumlisha saa ngapi?

HAMADI: Ndiyo nasema pima, tupa kikubwa, kidogo kiache. Vinginevyo utasimama dukani na lenzi, watu wakudhani mkaguzi.

REHEMA: Wameshanidhani. Kijana mmoja amenionyesha tarehe za kuisha muda bila kuulizwa.

HAMADI: Unaona sasa!

REHEMA: Naona kijana mwenye adabu. Na zabibu zako sizirudishi. Nimepata zisizopakwa, zimegandamana kama tofali kweli, navunja kwa uma.

HAMADI: Zile za mwanzo?

REHEMA: Kaka yako anazila. Anasema tamu.

HAMADI: Nitakuja kumsaidia.

REHEMA: Karibu, ila kwangu usinipigie hesabu mezani. Tumebakiwa na... dakika mbili? Na niko jambo la kwanza!

HAMADI: Yasome mbio.

REHEMA: La pili, ukiona namba E471 kwenye viambato. Hiyo ni mono na digliseridi, inatengenezwa kwa mafuta, na inaweza kutoka kwa mnyama, kwa hiyo ukiwa hugusi vya mnyama waulize watengenezaji. La tatu, tambi za papo kwa papo, nyingi zimekaushwa kwa kukaangwa kwenye mafuta. La nne, viazi vya kukatwa vya kwenye friza, vingi vimeshapitishwa kwenye mafuta kiwandani. La tano, lesithini, kile kiambato cha kushikanisha mafuta na maji...

HAMADI: Lesithini tutagombana. Nayo itakula dakika kumi.

REHEMA: Basi iache. Na la sita na la saba yanaitegemea hiyo. Karatasi naikunja, wasikilizaji mnisamehe.

HAMADI: Jaribio la mwisho kabla hatujazima. Kimya, tafadhali. ... 0.29!

REHEMA: Bado ni mafuta. Zima.