Kura Haikukausha Bomba

Ahsanteni. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama nyuma, sogeeni, viti viko huku mbele. Mambo ya katiba na uchaguzi mnayajua, siyarudii. Nimekuja na neno lile lile wengine washanisikia nalo Likoni na Kisauni, kule Mombasa: watu wetu wamechoka na serikali, demokrasia hawajaichoka, na tukivichanganya hivi viwili tumekwisha.

Nianze na bomba. Mtaani kwetu kulichimbwa kisima uchaguzi wa 2022 ukikaribia, tangi likawekwa juu, mifereji 4 ya kutekea maji, kibao cha marumaru na jina la mheshimiwa, utepe ukakatwa, ngoma, picha. Maji yakatoka vizuri tu. Uchaguzi ukapita, pampu ikafa, kina mama wakarudi kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 shilingi 20 siku njema, siku mbaya 50. Haya, mashine huharibika, hilo halina neno. Wakaenda ofisini kuuliza, wakaambiwa andikeni barua. Wakaandika. Wakaambiwa mhusika yuko semina. Wakarudi, barua haionekani! Shangazi yangu alikuwemo, mtu mzima, 2013 alipanga foleni tangu alfajiri kupiga kura, sa hivi ukimtajia kura anakwambia mie basi. Nikamuuliza, shangazi, ni maji? Akanambia, maji nimenunua umri wangu wote mwanangu, lakini yule kijana wa ofisini alinijibu macho yako kwa simu, na pesa ya pampu kila mtu ajua ililiwa.

Hapo ndipo ninapopigia kelele kila siku. Mwananchi atavumilia shida, ila kuibiwa halafu adharauliwe juu yake, hapana. Afrobarometer, wale watafiti wanaokusanya maoni ya wananchi Afrika, wanauliza maswali mawili mbali mbali, unaitaka demokrasia, na umeridhika na vile inavyoenda kwenu? Katika nchi 39 za Afrika walizozunguka 2021 mpaka 2023, asilimia 66 walisema wanaitaka, walioridhika 37 tu. Hilo pengo la katikati ndilo shangazi. Na hapa Kenya 2013 walijitokeza zaidi ya asilimia 85 ya waliojiandikisha, 2022 wakashuka hadi karibu 65. Wanasiasa wanasema vijana wavivu. Wavivu wapi, watu wameshapiga hesabu!

Sasa najua kuna mtu hapa ataniambia, mwalimu, bora basi mwanajeshi mmoja mkali anyooshe mambo. Nalisikia kila barazani, na wanaolisema si watu wabaya, wamechoka tu. Tazama Mali. Agosti 2020 wanajeshi walichukua nchi, watu wakajaa barabarani wakishangilia, manake serikali ya kuchaguliwa ilikuwa imeshindwa na usalama na rushwa imejaa. Wakaahidiwa uchaguzi, ukasogezwa, ukasogezwa tena, Mei 2025 vyama vyote vya siasa vikavunjwa, na mwaka huo huo Bamako ikakosa petroli kwa sababu wapiganaji wamezuia malori njiani, mpaka shule zikafungwa. Usalama haukuja, na sa hivi njia ya kuwang'oa hao wanajeshi kwa kura hakuna. Sisi pampu ikifa angalau uchaguzi wa Agosti 2027 tuna la kufanya.

Na kura hufanya kazi jamani. Afrika Kusini, umeme wa mgao, rushwa, uchaguzi wa Mei 2024 chama tawala, ANC, kikashuka hadi kama asilimia 40 ya kura, mara ya kwanza chini ya nusu tangu 1994. Mwaka huo huo Botswana ikaondoa chama kilichotawala tangu uhuru, 1966. Kwetu vijana walitoka Juni 2024 na katiba mkononi, wengine hawakurudi nyumbani, Mungu awarehemu, na tarehe 26 Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya waliokuwa wakiupinga. Wale ndio mnasema hawaitaki demokrasia?

Mahakama nilitaka kuigusa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, naiacha. Moja tu. Ibara ya 201 ya Katiba inasema pesa za umma zitumiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe, halafu kikao cha bajeti kinaitwa Jumatano asubuhi, mjini, tangazo limebandikwa jana yake. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ipo, kaunti kwa kaunti, kila mwaka, haifichwi. Kikao kijacho tuingie nayo mkononi, kila mtaa uje na swali lake la pampu, la dawa, la taa, na jibu tulitake kwa maandishi. Anayekuja aache namba yake kwa yule dada pale mlangoni, na msimwachie shangazi peke yake.