Anzeni na mlango wenu: kujifunza Kiingereza kwa kitabu cha wageni

Assalaam aleikum walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena mpaka lifanyiwe kazi: mwanafunzi wa hapa Unguja anayetaka msamiati wa Kiingereza aanze na kitabu cha wageni kinachoueleza Mji Mkongwe. Kile kile ambacho mtalii hukitia mkobani akishuka boti. Orodha ya maneno mia ya kukariri iwekwe kando.

Ukimpa mtoto wa Kiponda ukurasa wa Kiingereza kuhusu theluji na mabomba ya moshi juu ya nyumba za London, umemtwika mizigo miwili. Neno halijui, na kitu chenyewe hajapata kukiona. Mpe ukurasa unaoeleza Darajani, na mzigo mmoja umeshatua. Soko analijua kuliko aliyeandika kitabu. Kilichobaki ni neno tu.

Nina kijana darasani, mtembeza wageni. Siku moja tulikuwa tunasoma ukurasa unaowataka wageni waheshimu "local customs", wafunike mabega na magoti wakiingia mitaani. Nikamwambia afasiri. Akasimama, akasema kwa sauti: "Wageni waheshimu forodha ya hapa, wafunike mabega na magoti." Darasa zima likaangua kicheko. Kijana akainamisha kichwa.

Mimi sikucheka. Nikamuuliza neno hilo kalipata wapi. Akaniambia mjomba wake ni mchukuzi bandarini, na neno "customs" limeandikwa pale kwa herufi kubwa, kila mtu anajua ni forodha. Akanyanyua kichwa, akaongeza: "Na Forodhani je, maalim? Si jina limetokana na forodha hiyo hiyo?" Kweli kabisa. Huyu hakuwa mjinga; alilijua neno nusu. Na nusu hiyo ndiyo aliyoiandika kwenye daftari lake! Lilikuwa na safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Customs, forodha. Basi, imekwisha.

Somo la siku ile tukaliweka pembeni. Nikamuuliza: "Ada ni nini?" Akajibu: "Pesa, maalim. Ada ya skuli." Nikamwambia: na bibi yako akisema kumpelekea jirani futari ni ada yetu, anadai pesa? Darasa likanyamaza. Akasema pole pole: "Hapo ni mila." Nikamwambia, umeona? Neno moja, lina pesa ndani yake na lina mila ndani yake, na hujababaika nalo hata siku moja. Kiingereza nacho kimepita njia hiyo hiyo. "Custom" ni mazoea. Malipo ambayo watu walizoea kumtolea mtawala nayo yakaitwa hivyo hivyo, hata likawa jina la ushuru wa bidhaa zinazopita bandarini. Kijana aliandika haraka mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

Wiki ya pili yake nilipita Forodhani jioni, taa za wauza mishikaki zimeshawashwa, nikamkuta na wageni wawili. Anawaeleza kwa Kiingereza cha taratibu kwa nini mahali pale panaitwa vile, kisha akamgeukia mmoja wao, bega wazi, akamweleza ile "custom" nyingine kwa adabu. Mgeni akatoa kanga mkobani akajifunika. Nitajieni orodha ya maneno iliyowahi kufanya kazi hiyo.

Kuna anayejiandaa kuniambia kwamba vitabu hivyo vimeandikwa na watu wa nje, vinatutazama kwa macho ya kigeni. Ndiyo! Ndiyo sababu nataka visomwe, tena kwa penseli mkononi. Vingi vinapenda kuviita vichochoro vyetu "maze", yaani njia za kumpoteza mtu. Binti mmoja wa Sokomuhogo alikasirika: "Mbona mimi sijapotea hata siku moja?" Nikamwambia hasira yako ni ya haki, itumie. "Maze" ni neno la mtu asiyejua njia. Mwenyeji akimwambia mgeni "this is a maze" ameazima macho ya mgeni bila sababu. Tukatafuta neno la mwenye mji, tukapata "short cut", njia ya mkato. Akaikata "maze" kwenye kitabu chake, akaandika la kwake juu. Maneno yote mawili anayo mpaka leo, kwa sababu aligombana na moja na kulichagua la pili.

Beit el-Ajaib ni hivyo hivyo. Vitabu vya zamani vinasema wageni hupanda mpaka kwenye roshani wakatazama bahari. Jengo lile la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, nanyi mnaijua siku ile. "Used to", ya jambo lililozoeleka zamani na sasa halipo, nimeifundisha ubaoni miaka na miaka, hainasi. Nikawapeleka wanafunzi mbele ya jengo na kitabu cha zamani, nikawaambia wasahihishe kila sentensi. "Visitors climb" ikawa "visitors used to climb". Wale waliowahi kupandishwa mle na skuli zao wakiwa wadogo waliipata papo hapo, maana walikuwa na kitu cha kukisikitikia.

Sasa mlango. Usiende kwenye milango kumi, nenda kwenye mmoja wa nakshi ukae nao nusu saa. Anzia chini, kizingiti: "threshold". Pandisha macho kwenye bawaba: "hinge". Komeo ni "bolt". Misumari ya shaba ni "brass studs". Iguse, asubuhi bado ina baridi. Mfaa wa katikati kwa Kiingereza huitwa "centre post", na mwanafunzi akigundua kuwa lugha yake ina neno moja pale ambapo Kiingereza kimetumia mawili, hunyooka mgongo. Halafu mwombe mwenye nyumba ausukume. Umesikia unavyolia? "It creaks." Daftari la safu mbili halina sauti hiyo.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na bahari yote bado. Kwa haraka: kule kisiwani Changuu mnaonyesha kobe, "tortoise", kasa wa baharini ndiye "turtle", ingawa Mmarekani huweza kuwaita wote "turtle", asisahihishwe mbele za watu. "Spring tide" ni bamvua, haihusiani na majira ya machipuko. Na "monsoon" na msimu wetu wametoka tumbo moja la Kiarabu, mawsim, ila la Kiingereza lilipitia kwa Wareno. Mwalimu wa Bara asiye na Mji Mkongwe ana stendi, ana soko, ana mlima. Atafute kitabu kinachovieleza.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa Darajani, upande wa viungo. Njooni na penseli, kalamu ziacheni nyumbani, makosa tutayafuta sana. Tutaanza na "clove", kwa sababu "clove" ya karafuu na "clove" ya thomu hazikutoka shina moja, na muuzaji ameshaniahidi kutupa zote mbili tuzishike.