Na aliyeleta chai je?

Shikamooni wakubwa, na nyie vijana mliokaa nyuma mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmeshuka toka Kibosho na Old Moshi asubuhi asubuhi na daladala zenyewe mnazijua.

Mtoto akiumwa ugonjwa wa akili, iwe sonona, iwe baipola, yaani furaha ya kupitiliza inayopishana na huzuni kubwa, iwe skizofrenia, yaani kusikia sauti au kuamini vitu ambavyo havipo, wageni wakija nyumbani wanauliza mgonjwa anaendeleaje, afu wanamgeukia mama, pole, jikaze. Yule mdogo wake wa miaka kumi aliyewaletea chai hakuna anayemuuliza kitu. Mi ndo nilikuwa naleta chai. Kaka yangu alianza kuumwa akiwa kidato cha pili, mi niko darasa la tano, na miezi mingi nilijua kabisa nimemsababishia mimi, maana siku chache kabla tuligombania redio nikamwambia bora uondoke humu ndani. Sikumwambia mtu. Na nani angenitoa hilo wazo wakati hakuna aliyejua ninalo?

Kwa hiyo wazazi wangu, mwambieni mtoto ukweli. Mtajieni jina la ugonjwa, mwambieni hajausababisha yeye na hauambukizi. Mkinyamaza atayaokota ya mtaani, karogwa, ana mapepo, ukoo wao una laana. Mi shuleni niliitwa mdogo wake kichaa, na mwalimu mmoja alisikia akacheka, hadi leo nakumbuka hicho kicheko.

Atakuuliza pia, na mimi nitaumwa? Usimkatishe. Kwa skizofrenia, watu wa kawaida wanaoupata maishani ni kama 1 kati ya 100, ukiwa na ndugu wa tumbo moja mwenye nao inapanda mpaka kama 9 au 10. Imepanda kweli, sifichi, ila maana yake ni kwamba 90 hivi hawaupati, na mtoto akielezwa hivyo analala.

Halafu kuna hili la kumfanya mtoto askari. Unatoka kwenda sokoni Mbuyuni unamwambia wa darasa la sita mwangalie dada yako asitoke, akitoka mshike. Amshike vipi jamani? Kaeni siku ambayo mgonjwa katulia mpange, hali ikibadilika nani anapigiwa simu, wadogo wanakimbilia kwa jirani yupi. Na ile namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto ni bure, mtoto anaweza kupiga mwenyewe, mfundisheni.

Sasa la kwetu Wachaga. Desemba watu wote wanapanda nyumbani, na mnajua kuna mmoja huwa anabaki mjini na mgonjwa, mwaka huu yeye, mwaka ujao yeye, eti kwa sababu ni mpole. Na kitinda mimba, yule atakayeachiwa nyumba ya baba, mnadhani haoni? Anaona kabisa kwamba anaachiwa nyumba na kaka mgonjwa ndani yake, na hajaulizwa. Ana miaka 13 anapiga hesabu nitaoa vipi, nani atakubali kuja kuishi hapa. Mwambieni mapema nani atasaidia, shangazi, wakubwa walioko Dar, mgawane kwa majina, asibebe peke yake kitu ambacho hata hakijatamkwa.

Huko Marekani, Seattle, Don Meyer alianzisha mwaka 1982 vikundi vya ndugu wa watoto wenye mahitaji maalumu, wanaviita Sibshops, watoto wanacheza, wanapika, wanakula, na katikati ya michezo wanaongea. Hakuna cha gharama pale, ukumbi huu unatosha, sufuria tunazo. Mi nataka tuanze Jumamosi ijayo saa nne, na msiniletee mgonjwa, nileteeni yule mnayesema huyu hana shida.

Naona mikono ya maswali, wazazi naombeni mnisubiri kidogo. Naanza na nyuma kule. Wewe mwenye sweta ya bluu, we unaendeleaje?