Dakika Tano Kutoka Lami: Mazungumzo na Wanafunzi Wapya wa Mlimani

Marahaba. Marahaba, wadogo zangu. Kaeni. Mliosimama kule mlangoni ingieni, nafasi zipo huku mbele, hakuna atakayeulizwa swali.

Mwenzangu aliyenitangulia amewaeleza namna ya kusajili kozi na kulinda matokeo yenu. Mimi nimeitwa kuzungumzia chumba. Nina sababu mbili za kusimama hapa. Mwaka 2006 nilikuja hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama mlivyokuja nyinyi, na leo nina vyumba vinne vya kupangisha kule Changanyikeni. Nimekaa ndani ya mlango kama mpangaji na nimeugonga kwa nje kudai kodi. Kwa hiyo mkinisikia nawasema wenye nyumba, mjue najisema na mimi.

Mimi ni mtu wa Njombe, kule kwenye baridi. Waliotoka huko wanajua: mama hawezi kukuaga uende shule bila blanketi. Mimi nilipewa mawili, mazito, na sweta. Nikateremka stendi ya Ubungo saa moja jioni, mwezi wa kumi, jasho linatiririka, nimekumbatia mablanketi kama mtu aliyetumwa kuyauza. (Kicheko.) Enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa yanaishia Ubungo pale, ukivuka barabara umeshakaribia chuo. Siku hizi mnateremkia Mbezi Luis, na safari ya kuja huku inabaki ndefu, lakini angalau mna muda wa kuvua sweta.

Nilidhani nikishafika, kitanda kinanisubiri. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu, na lina historia. Chuo hiki kilipoanza Oktoba 1961, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wote hawakufika ishirini. Kilipohamia hapa kilimani 1964, mabweni yalijengwa pamoja na madarasa, kwa fikra kwamba mwanafunzi anaishi palepale anaposoma. Baba zetu waliosoma hapa miaka ya sabini wakisema "maisha ya chuo" wanamaanisha hayo: kitanda, meza na chakula cha kafe. Wanawasimulia nyumbani, nanyi mnakuja mkiyatarajia. Chuo kimekua mara nyingi zaidi ya vitanda vyake. Hata mabweni yale yaliyozinduliwa Aprili 2017, majengo ishirini, yanayochukua wanafunzi 3,840, yalijaa mara moja kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba la mgawo.

Mimi sikupata. Nikabebwa.

Naona mnaangaliana. Kubebana ni hivi: mwenye kitanda anamkaribisha asiye na kitanda, kwa siri ambayo kila mtu anaijua. Pale hosteli ya Mabibo nilibebwa na dada mmoja wa mwaka wa pili kwa muhula mzima. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu, miguu yangu usoni kwake, kwenye godoro la mtu mmoja. Sitawadanganya kwamba nilijuta. Yule dada alinifundisha kufua kwa ndoo moja, na ndiye aliyenionyesha daladala za kuja chuo. Lakini kubebwa kuna mwisho wake. Unakula kwa kuangalia uso wa mwenyeji, na akija mdogo wake kutoka kijijini, wewe ndiye wa kutoka. Mdogo wake alikuja Februari.

Ndipo nikakutana na dalali.

Wanafunzi wengi wanamchukia dalali. Mimi simchukii. Katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, yeye ndiye anayejua kwamba kuna mtu anahama kesho nyuma ya msikiti, nyumba ya geti la bluu. Hiyo ni kazi, na ina malipo yake: hela kidogo ya kukuzungusha, halafu kodi ya mwezi mmoja ukishachukua chumba. Tatizo lake ni lugha. Dalali hasemi uongo kama mnavyodhani. Ana kamusi yake. Akisema "chumba masta" anamaanisha choo kimo ndani, hajasema kama maji nayo yamo. Akisema "mazingira tulivu" maana yake umefika porini. Na akisema "kutoka lami ni dakika tano," hilo ni kweli kabisa, ila ni dakika tano za bodaboda, bila mvua, na dereva ana haraka. (Kicheko.) Kwa miguu, na begi la kompyuta, ni dakika thelathini. Mwulizeni hivi: "Nauli ya boda kutoka lami ni shilingi ngapi?" Hapo hawezi kujibu kwa kamusi.

Sasa nisikilizeni kwa hili, maana ndilo lililonileta. Nyinyi mnatafuta chumba mwezi wa kumi, mchana, jua linawaka. Vumbi limekauka, mitaro imekauka, nyumba zote zinapendeza. Wiki chache mbele vuli inaanza, na Machi hadi Mei kuna masika. Chumba cha Dar es Salaam hakikaguliwi mchana wa kiangazi. Kikagueni usiku, na kama Mungu akiwajalia mvua ikanyesha siku hiyo, msijifungie ndani, nendeni mkakione.

Usiku utaona kama njia ina taa. Dada zangu, hili lenu zaidi: mkimaliza majadiliano saa tatu usiku pale kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, mnarudi kwa njia gani? Utasikia baa iliyokuwa imefungwa mchana. Utajua pia joto. Huu ni mji wa pwani, jamani, upepo wake una ratiba: kaskazi miezi ya joto, kusi katikati ya mwaka, na bahari iko mashariki. Chumba chenye dirisha upande wa mashariki kinapumua. Chumba ambacho ukuta wake unatazama magharibi kimechomwa na jua kuanzia saa nane mchana, kinachemka mpaka saa nne usiku, na wewe una mtihani asubuhi. Weka kiganja ukutani saa mbili usiku. Ukuta hautakuficha kitu.

Na mvua. Mto Ng'ombe, unaokatiza Sinza na Tandale mpaka kuingia Msimbazi, wakati wa kiangazi unaweza kuuruka. Mpangishaji atakuambia ni mtaro. Desemba 2011 mvua iliyonyesha jiji hili ilivunja rekodi ya tangu 1954. Watu wapatao arobaini walikufa, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Pale Jangwani hata mabasi ya mwendokasi yamekwama kwenye maji zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukiingia kwenye chumba, kabla hujasifia taili, inama. Angalia ukutani, juu kidogo ya sakafu. Kama rangi ya chini ni mpya kuliko ya juu, uliza ni kwa nini.

Mtaniuliza, basi twende wapi? Sinza ni ghali kwa sababu inayoonekana hata kwenye ramani. Ilipimwa viwanja miaka ya sabini, katika mradi wa serikali na Benki ya Dunia, ndiyo maana mitaa yake imenyooka na bajaji inafika mlangoni. Na ina majina ya vituo yanayofurahisha. Kile cha Kwa Remmy kimebeba jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akawa wetu. Changanyikeni, Msewe na Makongo zilikua zenyewe, mtu na kiwanja chake, njia ikabaki pale kila mtu alipomaliza kujenga. Kuna unafuu wa bei, kuna ukaribu wa chuo ukipita vichochoroni, na kuna shida ya maji.

Maji ya jiji hili kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu. Ruvu ukipungua, kama mwishoni mwa 2022, mgawo unaanza, na wa kwanza kukosa ni wa mlimani. Hapo tunachota visima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya supu. Omba maji ya bomba la nyumba hiyo, kikombe kimoja, uonje. Mwenye nyumba akikasirika kwa kuombwa maji, umeshapata jibu lako.

Turudi kwangu. Dalali alinipeleka Manzese, ndani kidogo kutoka kituo cha Tip Top, kwenye nyumba ya Kiswahili. Waliokulia pwani wanaijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani kuna jiko, bafu na choo. Vyumba sita, kaya sita, mita moja ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mimi nilikuwa chumba cha pili kulia, na nilikuwa mwanafunzi peke yangu.

Ile mita ilinifundisha zaidi ya kozi mbili za maendeleo nilizosoma hapa. Tulikuwa tunachanga sawa kwa sawa kila Jumapili. Chumba cha kwanza kulikuwa na mama aliyeuza barafu, ana friji inayonguruma usiku kucha. Cha nne kulikuwa na fundi cherehani. Mimi nilikuwa na taa, redio na pasi. Umeme ukawa unaisha Alhamisi. Kikao kikaitwa uani, na kikaamua kwamba mwizi wa umeme ni mwanafunzi, kwa sababu anasoma usiku. Nikasimama na daftari. Nikapiga hesabu mbele yao: taa yangu inakula kiasi gani kwa saa, friji inakula kiasi gani. Nilikuwa sahihi kabisa, hata nukta sikukosea.

Wakaniacha nimalize. Halafu mzee wa chumba cha sita akaniuliza, "Binti, yule mama akizima friji, kodi yake utamlipia wewe?" Sikuwa na jibu. Tukaishia kukubaliana kwamba mama barafu ataongeza elfu moja, na mimi sitapiga pasi usiku. Wiki mbili baadaye nilipoumwa malaria, barafu za kunishusha homa zilitoka kwenye friji ileile niliyoishtaki.

Siku hizi kila mtu anataka mita yake ndogo, na mimi mwenyewe nimefunga kwenye vyumba vyangu, inaondoa ugomvi. Lakini kama mita ni ya pamoja, usiulize tu mnachanga ngapi. Uliza nani ana friji.

Hela, haraka haraka, maana naona mratibu anaangalia saa. Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 480,000. Dalali 80,000. Hiyo ni 560,000 hujanunua godoro, ndoo wala jiko la gesi. Bumu, hela yenu ya mkopo, linakuja kwa awamu, na mara nyingi linakuja baada ya masomo kuanza, wakati mwenye nyumba anataka leo. Ndiyo maana nashauri muhula wa kwanza mchange wawili chumba kimoja, mtu unayemjua anavyokasirika. Msichange na mtu kwa sababu tu mlikaa siti moja kwenye basi.

Mtasema miezi sita ni uonevu. Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ilifutwa 2005, na tangu hapo bei ni maelewano. Mimi kama mwenye nyumba nafaidika na hilo, sioni aibu kulisema. Lakini maelewano yana pande mbili. Mwombeni miezi mitatu. Wengi wetu tunakataa mara ya kwanza, chumba kikikaa wazi mwezi mzima tunakubali. Na mtakapokubaliana, muandike: majina, kiasi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, nani anatengeneza bomba likipasuka. Mkapige muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye hata hivyo mtapaswa kujitambulisha kwake. Hela ya kodi isipitie kwa dalali. Mimi mwaka wangu wa tatu nilimpa mtu kodi ya miezi sita mkononi, akaniandikia risiti nzuri sana, na chumba tukakutana mlangoni watu watatu tuna risiti zinazofanana. Nilirudi kubebwa.

Maswali? Wewe kijana wa nyuma, ndiyo.

Anauliza kwangu chumba bei gani. (Kicheko.) Kwangu kumejaa mwanangu, na hata kungekuwa wazi, kimoja ukuta wake uko magharibi. Lakini mtaa wa chini yangu kuna bibi ana vyumba viwili, anachukua kwa miezi mitatu, hataki dalali wala kelele. Nitakuelekeza hapo nje. Usiende sasa hivi. Nenda saa mbili usiku, umsalimie vizuri, na umwombe maji ya kunywa.