Chora tabaka za anga kwa vipimo halisi, manila moja yatosha

Haya watu wangu, leo twachora anga kutoka hapa Malindi mpaka juu, na twachora kwa vipimo, si ile michoro ya vitabuni kila tabaka limepewa upana sawa, ile yadanganya sana. Leta manila, rula na felti peni. Milimita moja ni kilomita moja, hapo usipotee.

Simamisha manila wima, piga mstari chini kabisa, huo usawa wa bahari. Pima milimita 17, piga mwingine. Ebu nisogeze kamera, mwaona? Upana wa kidole gumba tu! Hiyo ndiyo troposfia, na hapo sisi twapendelewa kwa vile tuko karibu na ikweta, joto lasukuma hewa juu, kule kwenye ncha za dunia yaishia kama kilomita 8. Kaskazi, kusi, mvua ya masika, Kilimanjaro na milimita zake 6, vyote vimo humo, na kama robo tatu ya hewa yote kwa uzito.

Panda mpaka 50, stratosfia. Kati ya 20 na 30 paka rangi, gesi ya ozoni imejaa hapo, yameza miale ya jua ndio maana ukizidi kupanda joto laongezeka badala ya kupungua. Mpaka 85 ni mesosfia, vimondo vingi huungulia humo, baridi kali, tupite.

Sasa penye utamu. Themosfia, 85 mpaka 600, yaani karibu manila yote iliyobaki! Joto lake laweza kupita nyuzi 1,000 lakini usingelihisi, chembe za hewa ni chache mno. Kwenye 400 weka kile kituo cha kimataifa wanakoishi wanaanga. Juu kidogo ya 500 andika UHURU kwa herufi kubwa, hii ilikuwa satelaiti ya Wamarekani bwana, lakini ilirushwa hapo kwetu Ngomeni kutoka jukwaa la San Marco baharini, 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya ndio ikapata jina. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo kwenye nyota, na hizo ukikaa chini huzipati ng'o, hewa yazimeza zote, lazima upande.

Eksosfia haitoshei, kuna wanaoihesabu mpaka kilomita 10,000, hiyo ni mita 10 za manila, utatoboa dari. Chora mshale waelekea juu, bandika ukutani.